Sayari Iliyopigwa Pampu

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, ambayo mbele ya watu wazima wenye akili zao niliinua kidole na kuwaonyesha sayari ya Zuhura, kisha akatokea mtu akaipiga pampu ile sayari. Cheka tu, hunikosei heshima. Mimi mwenyewe nilichelewa kuanza kucheka, lakini tangu nilipoanza sijaacha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Isebania, suruali imepigwa pasi hadi inakata, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Kwetu ni Wakuria, watu wa ng'ombe, na ziwa nililijua kwa kulisikia tu. Nilifundisha sayansi, na katika sayansi hakuna mada niliyoipenda kama jua, mwezi na sayari. Zote nilikuwa nazo ubaoni kwa chaki za rangi. Mjomba wangu aliyestaafu jeshini alikuwa amenipa darubini yake, ile ya macho mawili yenye mkanda wa shingoni, nami niliivaa hata nikienda kununua chumvi.

Darubini hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Achieng'. Alikuwa akileta omena, dagaa wa ziwani, sokoni Isebania kutoka kwao Muhuru Bay, na siku moja akaniuliza kama ile kitu shingoni ni ya kutafutia ng'ombe waliopotea. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu mimi Kijaluo sikujua na yeye Kikuria kilimshinda. Nilimwambia ni ya kutazama sayari. Hakuniamini, na kutokuniamini kwake kulinipendeza sana. Baada ya miezi michache sikuwa na sababu ya kwenda sokoni isipokuwa yeye, na nyumbani kwangu kulijaa omena kuliko mtu mmoja anavyoweza kula.

Basi Januari ile akanipa habari iliyoninyima usingizi. Kijana mmoja wa kwao, mtoto wa mwenye mashua, ametuma salamu. Watu wake watafika bomani mwezi ukishaanza kupungua. Baba yake Achieng' hajakubali wala hajakataa, lakini kijana mwenyewe hana kasoro, na mgeni wa kutoka upande wa ng'ombe hana anayemjua. Achieng' akaniambia kama nina nia nitangulie, akamalizia hivi: "Na ukuje mwezi ukiwa mkubwa." Mimi nilitabasamu. Nilidhani ni maneno ya mapenzi, kwamba anataka tuonane kwenye mbalamwezi kama watu wa kwenye nyimbo. Mwanangu, ukipenda sana unasikia kile unachotaka kusikia.

Nikachagua Jumamosi ya katikati ya mwezi huo wa Januari. Niliichagua kwa sababu haikuwa na kazi ya shule, na shati langu jeupe lilikuwa limekauka. Angani sikutazama. Nikamchukua rafiki yangu Otieno, mwalimu mwenzangu, Mjaluo wa mjini Migori ambaye ziwa alilijua kama nilivyolijua mimi, awe msemaji wangu. Tukafika Muhuru Bay jua likikaribia kuzama.

Boma lao lilikuwa mteremkoni, juu kidogo ya ufuo. Walitupokea vizuri, maana mgeni njoo mwenyeji apone, lakini niliona kuna jambo halijakaa sawa. Mama yake Achieng' alitusalimu kwa mbali, kama inavyompasa mama mkwe, akarudi jikoni. Baba hakuwepo. Kaka zake hawakuwepo. Katika wanaume wote wa boma lile tulimkuta baba yake mdogo tu, Mzee Okech, ambaye mguu mbovu ulimzuia kwenda ziwani. Kando yake aliketi bibi yao mzaa baba, ambaye kila mtu pale alimwita Dani, yaani nyanya. Okech akatuuliza tumekuja kumwona nani. Otieno akajibu kwa adabu kwamba tumekuja kumwona baba mwenye nyumba. Okech akasema mwenye nyumba yuko kazini, kama wanaume wote wa hapa wiki hii. Hayo maneno "wiki hii" yalinipita juu ya kichwa.

Chai ikaletwa, ikanywewa. Kikaingia kimya. Leo najua kimya cha wageni si ugonjwa, kinapita chenyewe ukikiacha. Lakini kijana hawezi kukaa nacho. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizo Zuhura huonekana magharibi baada ya jua kuzama, na magharibi ya pale ni ziwa. Nikatazama. Giza lilikuwa limeingia, maji na mbingu vimekuwa kitu kimoja cheusi, na katikati ya weusi huo ulikuwepo mwanga mmoja mkubwa, mweupe, umetulia kabisa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema moyoni, sasa hapa nitawaonyesha kwamba mtoto wao anaombwa na mtu msomi.

Nikasimama. Nilisimama kama ninavyosimama mbele ya darasa la saba, nikanyoosha kidole, nikawaeleza kwamba ile pale ni sayari ya Zuhura, jirani wa dunia. Nikasema nyota humetameta lakini sayari hutulia, na hiyo ndiyo njia ya kuzitofautisha. Nikasema mwanga ule si wake mwenyewe, ni wa jua. Achieng' alikuwa mlangoni mwa jikoni akinitikisia kichwa, nami nikadhani anasifu. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile debe usiku huo lilikuwa limevaa shati jeupe. Nikavua darubini, nikampa Mzee Okech ajionee.

Okech akatazama kwa utaratibu, bila haraka. Akanirudishia darubini mkononi.

"Mwalimu," akasema, "hii sayari yako iko na mtu anaipiga pampu."

Hapo ndipo ningekaa chini na kucheka pamoja nao, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilibishana. Nikasema pengine kioo kina ukungu, pengine mzee ameishika darubini vibaya. Nikaiweka machoni mwangu. Nikaona karabai, zile taa za presha za kuvulia omena, imewekwa juu ya ubao unaoelea. Kando yake palikuwa na mashua, na mtu ameinama anapiga pampu kama anayejaza baiskeli upepo. Darubini ikiwa bado machoni, ikawashwa taa ya pili, ya tatu, ya nne, na baada ya dakika chache ziwa zima lilikuwa limejaa Zuhura. Zuhura mwenyewe nafikiri alikuwa nyuma ya wingu lililolala chini kabisa magharibi. Usione vyaelea, vimeundwa, nami niliviona vyaelea nikaviweka mbinguni.

Walicheka mpaka Dani akashika mbavu. Otieno, msemaji wangu niliyekuja naye, alicheka kuliko wote. Okech peke yake hakucheka. Alimwambia Otieno, nami nasikia, kwamba kukosea si kosa, lakini mtu anayebishana na macho ya mwenye nyumba siku ya kwanza, huyo mke atamsikiliza lini? Achieng' akaingia jikoni akafunga mlango. Mwanangu, ule mlango uliniuma kuliko kicheko chote. Nililala kwa jamaa yake Otieno nikiwaza nimempoteza kwa sababu ya taa.

Alfajiri nilishuka ufuoni kuaga. Wanawake walikuwa wametandaza nyavu chini, wakimwaga omena na kuzisambaza kwa mikono ili jua likitoka lizikute tayari. Dani alikuwepo pamoja nao, licha ya uzee wake, ameinama kuliko wasichana. Hakuniambia nikae. Alinionyesha beseni, nami nikaanza kusambaza. Shati jeupe likapata harufu ambayo sabuni tatu hazikuitoa. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso:

"Wewe hukukosea juu ya taa. Taa mtu yeyote anaweza kukosea. Wewe ulikosea kwa sababu hukuuliza mwezi."

Kisha akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiruka kwenye Kijaluo na kurudi. Omena huvuliwa kwenye giza. Taa huwashwa, samaki huifuata, wavu huwazunguka. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote ni taa, samaki hawana haja ya taa yako, na mashua zinapumzika. Kwa hiyo siku za giza wanaume wako majini na wanawake wako ufuoni, na hakuna boma la wavuvi linalopokea habari ya ndoa siku hizo. Siku za mwezi mkubwa kila mtu yuko nyumbani anashona nyavu, na hizo ndizo siku za wageni, za harusi na za kusuluhisha ugomvi. Achieng' aliniambia hivyo kwa maneno matano nikayafanya mapenzi. Na kama ningekuwa nimetazama juu nisiuone mwezi, ningejua pia kwamba mwanga ule chini ziwani una uwezekano mkubwa wa kuwa taa.

Nikamwambia nimekosa. Akasema ameona. Akaniambia nirudi kwangu, na siku nitakayouona mwezi uko juu kabla jua halijazama, umebakiza kidogo tu ujae, nije siku hiyo na si siku nyingine. Kisha akanifukuza kwa sababu nilikuwa nimerundika omena vibaya na zingeoza.

Nikwambie aibu yangu nyingine, ambayo pale ufuoni sikuisema. Nilikuwa nimefundisha umbo la mwezi miaka mitatu, mwezi mchanga, nusu, mpevu, yote kwa chaki, bila kuinua shingo hata jioni moja nikautafuta. Nilirudi Isebania nikaanza kuutafuta. Jioni ya kwanza niliukosa. Ya pili nikauona, mwembamba kama kipande cha ukucha, karibu kuzama, na hapo juu kidogo yake akiwepo Zuhura mwenyewe, safari hii bila pampu. Nilisimama uwanjani mwa shule nikicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ni mzima. Kila jioni nikawa nachora kwenye daftari nilichokiona, si nilichokijua. Wanafunzi wanaokaa karibu wakaanza kuja, na mlinzi naye akawa anakuja. Tukaona jinsi mwezi unavyohama kila siku kuelekea mashariki na kunenepa, na mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza kwa nini sikuwaambia mapema kwamba kitu hiki kiko nje.

Siku ya kumi na tatu niliuona mchana kweupe, saa kumi na moja, umepanda juu ya vilima vya kwetu wakati jua bado liko. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tukaenda, mimi na Otieno, na safari hii baba yake Achieng' alitupokea mwenyewe mlangoni, mtu mrefu, mpole wa sauti, ameshika sindano ya kushonea nyavu. Mashua yake tuliipita kule chini imeinamishwa mchangani. Tulikula. Mazungumzo yalikwenda vizuri kuhusu ng'ombe, mvua na ukoo wangu. Nilikuwa mwangalifu mno, nikajibu nilichoulizwa tu. Jua likazama, na Okech, ambaye hakuwa amenisahau, akanyoosha fimbo yake kuelekea ziwani akaniuliza ule mwanga ni nini.

Nikatazama. Ulikuwa mweupe, mkubwa, umetulia, palepale pa siku ile. Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimwona Zuhura kwa macho yangu wiki mbili mfululizo, nikamchora, nikamjua kama ndugu. Lakini kwa hofu nikasema ni taa ya wavuvi.

Baba yake Achieng' akaacha kushona. Akageuka akanitazama kwa huruma, na mwezi ulikuwa mkubwa nyuma ya mgongo wangu hata kivuli changu kilikuwa kimelala mbele ya miguu yangu. "Mashua yote iko hapa chini imelala," akasema. "Nani huyo anavua na mwezi kama hii?"

Safari hii hawakucheka sana, na hilo lilinitisha zaidi. Otieno alitazama viatu vyake. Nikajua wanafikiri kitu kimoja, kwamba huyu hajifunzi, anabahatisha tu ili apendwe. Na walikuwa sahihi. Siku ile ya kwanza nilisema ili nionekane najua, siku ya pili nikasema ili nisionekane mjinga, na mara zote mbili sikuwa nimeitazama mbingu, nilikuwa natazama nyuso zao.

Dani akanigeukia. Akasema nilete hiyo kioo yangu, amechoka kusikia habari yake. Mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo niliegemeza darubini juu ya nguzo ya uzio, nikaielekeza Mshtarii, sayari kubwa ambayo jioni hiyo ilikuwa juu kidogo ya Zuhura. Nikamwomba atazame tu aseme anachokiona. Alikaa pale muda mrefu, jicho moja limefumbwa. Kuona vya karibu kulikuwa kumemsumbua uzeeni, lakini macho yake ya mbali yalikuwa ya mtu aliyesubiri mashua zirudi maisha yake yote.

"Naona mama," akasema, "na watoto watatu wamepanga laini."

Hiyo ndiyo miezi ya Mshtarii, nikawaeleza, inayomzunguka kama mwezi wetu unavyotuzunguka sisi. Baba yake Achieng' akatazama, akasema watatu. Okech akatazama kwa shaka, akasema watatu. Kisha Okech akaniuliza kitabu changu kinasema ni wangapi. Nikamwambia inayoonekana kwa darubini kama hii ni minne. Akaniuliza mimi mwenyewe naona mingapi.

Nilipata jasho, nakuambia kweli. Mdomo ulikuwa tayari kusema minne, maana kitabu kilisema minne na mwalimu hawezi kupungukiwa na mwezi mzima mbele ya wakwe. Niliinama nikatazama. Nikafuta kioo kwa shati, nikatazama tena. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia. Nikamwona Achieng' amesimama mlangoni, na safari hii hakunitikisia kichwa wala kunipa ishara yoyote.

"Naona watatu," nikasema. "Wa nne sijui yuko wapi."

Nilidhani nimemaliza kujichimbia kaburi. Dani akarudi kwenye nguzo, akatazama tena, akanyooka akishika kiuno.

"Yuko nyuma ya mama yake," akasema. "Mtoto akizunguka si lazima apite nyuma? Kesho mtamwona."

Mwanangu, yule mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuwa sahihi, na mimi mwenye chaki za rangi sikuwa nimeliwaza. Nilipomwambia hivyo, kwamba mimi sikuliwaza na yeye ameliona mara moja, alicheka kwa raha kama msichana. Kisha akamgeukia mwanawe aliyeshika sindano, akasema neno fupi kwa Kijaluo. Otieno alinikanyaga mguu. Baadaye alinitafsiria: "Huyu sasa anaweza kuambiwa kitu. Mpe."

Tulibaki pale siku ya pili, na jioni Dani mwenyewe aliita boma zima kuja kuhesabu. Walikuwa wanne. Watu wa yule kijana wa mwenye mashua walipofika mwezi ukipungua walikuta jibu limeshatoka, wakala vizuri wakaenda zao bila kinyongo. Na katika siku za uchumba wetu Dani alinifundisha mengi. Kwamba baada ya mwezi kujaa, kila siku huchelewa kutoka kwa muda wa kupika ugali, kuula na kuosha sufuria. Kwamba nyota ya alfajiri na nyota ya jioni huwa hazionekani pamoja kwa sababu, kwa maneno yake, ni mtu mmoja mwenye nyumba mbili. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo kitabuni, yeye alilipata kwa kuamka mapema miaka sitini.

Basi nasaha yangu ni hii, na uniruhusu niiseme wazi maana ualimu hautoki damuni. Ukienda kwa watu, kabla hujafungua mdomo uliza siku zao zikoje, wanalala lini na wanafanya kazi lini, maana kila boma lina mwezi wake linaoutazama. Kuuliza si ujinga. Ukionyeshwa kitu, kitazame kwanza chenyewe, si uso wa anayekuonyesha. Usiseme minne kwa sababu kitabu kimesema minne. Kitabu hakidanganyi, lakini huenda kuna mmoja amepita nyuma, na ukishadai umemwona hutamtafuta tena. Na usiogope neno sijui. Nimesema maneno mengi mazuri maishani, mengine kwa Kiingereza, lakini lililonipatia mke ni hilo. Nilipokuwa najua kila kitu walinifungia mlango, na siku niliyopungukiwa na mtoto mmoja wa Mshtarii wakaniita mwana wao.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuinulie shingo uyaone aliyoyaumba, akupe watu wa kukucheka kwa upendo pale utakapokosea, na akujalie siku moja useme kweli mbele ya wale unaowaogopa, ukute walikuwa wanaingoja hiyo tu.